Mashua ya kuvulia besi Naivasha: cha kupakia na cha kuacha gatini

Besi si samaki wa katikati ya ziwa. Aliletwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929, na mpaka leo anakaa palepale anapopapenda: ukingoni mwa mafunjo, chini ya mikeka ya gugumaji, na kati ya mashina ya migunga iliyozama maji yalipopanda miaka ya karibuni. Huko ndiko anakomvizia kamba wa maji baridi, yule mwekundu wa Louisiana aliyetiwa ziwani mwaka 1970. Anayemfuata besi, basi, huipeleka mashua yake mahali ambapo mashua nyingine hupakwepa. Gugu linanasa propela, kisiki kinangoja chini ya maji, na kiboko amelala hatua chache ndani ya mafunjo. Kisha adhuhuri upepo huinuka, na mara nyingi hukukuta ng'ambo ya pili.

Vifaa vinavyotajwa hapa vimechaguliwa kwa sababu hizo, si kwa sababu vinapendeza dukani. Mashua iliyokusudiwa ni ya faiba, urefu wa mita 5 hivi, upana mita 1.5, injini ya nje ya nguvu za farasi 15. Ukiwa na kubwa zaidi, ongeza kamba na nanga. Mengine ni yaleyale.

Uzito kabla ya vyote

Zidisha urefu kwa upana kwa mita, kisha zidisha jibu kwa 0.7. Mashua ya 5 kwa 1.5 inakupa watu 5. Hao ni watu waliotulia, maji yametulia, hakuna betri wala kisanduku cha barafu. Kwa uvuvi wa besi, ambapo mtu husimama kurusha na mwenzake akainama kushika samaki, wawe 3.

Hesabu mzigo kwa kilo: watu watatu 240, injini kati ya 35 na 50, petroli lita 20 ni kilo 15, betri kubwa karibu 30, barafu na maji ya kunywa 25. Umeshafika 345 au zaidi na hujatia hata ndoano. Sababu nyingine ya kubana mzigo huku ni urefu wa ziwa lenyewe: liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na injini ya petroli hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Farasi wako 15 ni kama 12. Mashua iliyojazwa huinua omo (mbele) na kuzamisha tezi (nyuma), injini inaunguruma lakini mwendo hauji, na wimbi la nyuma linaingia bila kubisha hodi. Propela yenye pichi (mwinamo wa mapanga) ndogo kidogo husaidia, lakini kushusha mtu mmoja husaidia zaidi.

Kizibo, ndoo na kata

Kizibo cha ngamani, kinachoziba tundu la kutolea maji chini ya mashua, ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, nacho kikisahauliwa huzamisha mashua nyingi pale pale gatini. Tundu la sentimita 2.5, likiwa sentimita 30 chini ya usawa wa maji, huingiza karibu lita 40 kwa dakika. Hizo ni ndoo nne za lita 10 kila dakika, na hakuna mtu anayekumba maji kwa kasi hiyo kwa muda mrefu. Pampu ndogo ya umeme iliyoandikwa lita 1,900 kwa saa ni karibu lita 32 kwa dakika kwenye karatasi. Ikishapandisha maji hadi ukingo wa mashua kwa betri iliyochoka, haifiki hapo. Kwa hiyo beba vizibo viwili. Cha akiba kifungwe kwa uzi karibu na tundu lenyewe, si ndani ya sanduku la vifaa.

Pampu iwepo ukiweza, lakini vya lazima ni ndoo ya lita 10 na kata. Kata nzuri hutengenezwa kwa dumu la lita 5: acha kifuniko kikiwa kimefungwa kwa nguvu, shika mpini, kisha kata kitako kwa mshazari ili upande ulio mkabala na mpini uwe mrefu. Ule mdomo mrefu hulala vizuri kwenye sakafu ya mashua na kuchota hata maji ya kina cha vidole viwili, ambayo ndoo haiyafikii. Ifunge kwa kamba ya mita moja. Kata isiyofungwa huondoka na wimbi la kwanza.

Majaketi

Kila mtu na lake, limevaliwa, limefungwa. Jaketi lililowekwa chini ya kiti halina kazi, kwa sababu mashua ikigongwa na kiboko hupinduka kwa sekunde chache. Soma lebo: kwa mtu mzima tafuta la nyutoni 100 (nyutoni ni kipimo cha nguvu ya kuelea). La nyutoni 50 ni kwa mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Halimgeuzi aliyezimia ili uso wake uangalie juu.

Jaribio la nchi kavu ni hili. Vaa, funga mikanda yote, inua mikono, kisha mwenzako avute mabega ya jaketi juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa au halijakazwa. Majaketi ya kukodi mara nyingi hufanywa mito ya kukalia. Sifongo yake ikishabanwa haielei tena kama mwanzo. Libonye: likibaki na shimo la kidole, omba jingine. Funga firimbi kwenye kila jaketi, kwani sauti ya mtu aliye majini haifiki mbali upepo ukivuma.

Upondo unashinda kipima kina

Ukilazimika kuchagua kati ya kifaa cha kioo cha kuonyesha samaki na upondo wa mita 3.5 (mti mrefu wa kusukumia mashua), chukua upondo. Besi wengi utawavua kwenye maji ya kina cha mita 1 hadi 3, na hapo upondo unakuambia yote: kina ni kiasi gani, chini ni tope au mawe, kuna kisiki au hakuna. Unaisukuma mashua kimyakimya kando ya mafunjo, na unakutoa ndani ya gugumaji ambamo propela yoyote hujifunga. Mwanzi mkavu unafaa, au mti mwembamba ulionyooka. Ncha ya chini ifungwe kipande cha ubao chenye umbo la mguu wa bata ili usizame topeni. Ukizama, uachie. Wanaoung'ang'ania hubaki wananing'inia juu yake huku mashua ikienda zake.

Makasia mawili nayo yawepo hata kama injini ni mpya. Kasia moja huizungusha mashua ya mita 5 mahali pamoja.

Nanga inayoachika

Chini ya Naivasha ni tope laini na majani. Nanga ya makucha manne, ile wanayoipenda wavuvi wa miamba, hapa huchota majani na kuburura. Nanga yenye mabapa mawili ya kilo 3 au 4, pamoja na mnyororo wa mita 2, hushika vizuri. Usipoipata, jiwe la saruji la kilo 10 lililomiminwa kwenye ndoo litakutosha siku isiyo na upepo mkali.

Kamba iwe nailoni ya milimita 10. Ile ya plastiki ya bei nafuu huelea, na kamba inayoelea huishia kwenye propela. Toa kamba mara 5 ya kina maji yakiwa shwari, mara 7 upepo ukivuma. Kina cha mita 5 kinahitaji mita 25 hadi 35. Makosa ya kawaida ni kutoa mita 8, nanga ikaburura, kisha mtu akalaumu nanga.

Funga omoni. Ukiifunga tezini, uzito wa injini, uzito wa mtu anayeishika na mvuto wa kamba vyote vinakutana upande ulio mfupi zaidi, na wimbi la kwanza linaingia.

Mwisho wa kamba, upande wa mashua, usifunge fundo gumu. Funga dumu tupu la lita 5 lililozibwa, kisha piga kitanzi cha kufunguka kwa mvuto mmoja kwenye pete ya omo. Kiboko akizuka karibu, vuta ncha, tupa dumu majini, washa injini, ondoka. Dumu litaelea na utarudi kuichukua nanga yako mambo yakitulia. Fanyeni zoezi hilo mara moja gatini, kila mmoja kwa zamu, kwa sababu aliye karibu na omo siku hiyo huenda asiwe nahodha.

Kwa kuvua huku mashua ikisukumwa polepole na upepo, ndoo ileile ya lita 10 ikifungwa kwa kamba ya mita 4 ubavuni huwa breki nzuri. Iwe na mpini wa chuma uliokazwa; mpini wa plastiki hung'oka.

Injini na mfuko wake

Petroli huhesabiwa kwa theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja isiguswe. Injini ya farasi 15 ikienda kwa nguvu zote hutumia lita 5 hadi 7 kwa saa. Injini ya mipigo miwili inahitaji mafuta ya kulainisha yaliyochanganywa na petroli. Kwa uwiano wa 50 kwa 1, ambao ni wa kawaida, lita 10 za petroli huchukua mililita 200. Pima kwa chupa yenye alama. Kukadiria kwa jicho ndiko kunakochafua plagi, na huku juu hewa ni nyepesi, mchanganyiko wa kabureta tayari ni mzito, kwa hiyo plagi huchafuka upesi zaidi.

Mfuko wa akiba ni mdogo: plagi 2 na spana yake, pini 2 za propela na kotapini zake, kamba ya kuwashia ya mita 1.5 yenye fundo, koleo, bisibisi, waya mwembamba, mkanda wa gundi, na kisu chenye meno. Kisu hicho ni cha magugu. Funga mfuko usipitishe maji na uuweke tezini.

Hitilafu nne zinarudiwa kila wiki, na zote hutibika ndani ya mashua.

Injini inazima baada ya dakika tano, inawaka tena, inazima tena: fungua kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi. Kipira cha kusukumia mafuta kikiwa kimebonyea na hakirudi, hilo ndilo tatizo hakika.

Uzi wa maji ya kupozea unaorushwa nyuma ya injini umekatika: zima mara moja. Gugumaji limefunika matundu ya kuvuta maji. Inua injini, toa majani, chokonoa kitundu kwa waya. Ukiendelea dakika chache bila maji, utalipa mtambo mzima.

Injini inaunguruma lakini mashua haiendi: umegonga kisiki na pini ya propela imekatika, kama ilivyokusudiwa, ili gia isivunjike. Tia mpya. Usitie msumari badala yake, maana msumari haukatiki, na safari ijayo kitakachovunjika ni gia.

Kamba ya kuwashia imekatika: ondoa kifuniko cha juu, gia iwe huru, viringisha ile kamba yenye fundo kwenye gurudumu na uvute. Hakikisha hakuna mtu nyuma ya kiwiko chako.

Kabla ya kugusa propela iliyonaswa, zima injini na uchomoe ile kamba ya kuzimia inayofungwa mkononi mwa nahodha. Kamba hiyo ivaliwe safari nzima. Nahodha akianguka majini nayo haiko mkononi, mashua huzunguka na kumrudia.

Injini ndogo ya umeme na betri

Hii si lazima kwa uhai wako, lakini kwa besi inalipa, kwa sababu inakwenda bila kelele. Kwa mashua yenye uzito wa kilo 600 pamoja na watu, msukumo wa pauni 30 unatosha kwenye maji tupu. Kwenye magugu na upepo chukua 45 hadi 55. Ya pauni 55 ikiwekwa kwenye nguvu zote hula hadi ampea 50. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una saa moja tu ya nguvu zote. Ukienda polepole, kwa ampea 10, una saa tano. Ndiyo maana injini hii ni ya kutambaa kando ya mafunjo, si ya kukurudisha nyumbani.

Betri iwe ya kazi ya muda mrefu, si ya gari. Ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, na ukiimaliza mara kadhaa inakufa. Iwekwe ndani ya sanduku lililofungwa kwa mkanda sakafuni, vichwa vyake vimefunikwa, na fyuzi ya ampea 60 karibu na kichwa cha chanya. Koleo likiangukia vichwa vyote viwili bila kifuniko, cheche hukutana na mvuke wa petroli. Ichaji usiku uleule. Betri ya risasi ikilala tupu siku tatu huanza kuharibika.

Viboko, upepo na macho yako

Hakuna kifaa kinachomzuia kiboko. Kuna vya kukusaidia kumwona mapema na kumjulisha upo. Miwani ya polaraizi huondoa mng'ao juu ya maji, nayo hukuonyesha visiki, nguzo za ua zilizozama, na mkondo wa mapovu wa mnyama anayetembea chini. Kiboko mzima huibuka kuvuta hewa kila dakika 3 hadi 5, kwa hiyo ukifika mahali papya kaa umbali wa mita 100 na usubiri dakika 6 kabla ya kusogea. Ukikaribia kona ya mafunjo, gonga ubavu wa mashua kwa kasia mara kadhaa. Besi atashtuka kidogo, na ni bei nzuri. Usikae kamwe kati ya kiboko na maji ya kina, maana huko ndiko anakokimbilia.

Tochi ya kichwani ni ya lazima kwa anayeondoka alfajiri, saa ambayo viboko wanarudi kutoka malishoni. Simu iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, imechajiwa, na namba ya mtu wa gatini aliyeambiwa utarudi saa ngapi; 999 na 112 ndizo za dharura nchini Kenya. Mawimbi ya Naivasha ni mafupi na yamebanana kwa sababu ziwa si la kina kirefu, na mashua ndogo huyapata vibaya ubavuni. Maji yakianza kuwa na vichwa vyeupe upande wa mbali, kunja mishipi.

Kofia yenye kamba, mikono mirefu, koti la mvua, lita 2 za maji ya kunywa kwa kila mtu. Kibali cha kuvua kiwe kwenye mfuko wa plastiki.

Vya samaki mwenyewe

Hapa ndipo watu hujaza sanduku tatu. Fimbo mbili kwa kila mtu zinatosha, za mita 2 hivi. Moja iwe na mshipi wa kusokotwa wa pauni 30 hadi 50 wa kumng'oa besi kwenye majani. Nyingine mshipi mwangavu wa pauni 12 hadi 15 kwa maji yaliyo wazi. Chambo bandia: minyoo ya mpira ya sentimita 15 iliyotiwa ndoano ya namba 3/0 na risasi ya gramu 7 hadi 10, ncha ya ndoano ikifichwa ndani ya mpira ili isishike majani, vyambo viwili vitatu vya mabamba yanayozunguka, na kamba wa mpira wa rangi nyekundu-kahawia, kwani ndicho chakula anachokijua. Sanduku moja.

Wavu wa mpini uwe na matundu ya mpira, maana ndoano hainasi na ute wa samaki haubanduki. Koleo lenye mdomo mrefu lining'inie shingoni au kiunoni, kwa sababu ukihitaji koleo huwa una mkono mmoja tu ulio huru. Lowesha mikono kabla ya kumshika. Besi wa zaidi ya kilo moja asining'inizwe kwa taya akiwa amelala usawa. Shika tumbo pia, la sivyo taya huteguka na hatakula tena. Akimeza ndoano hadi tumboni, kata mshipi karibu na mdomo. Unayemwachia, mtie majini kando ya majani. Ukimtupa mahali pa wazi, furukombe ameshamwona. Unayemla, barafu kilo moja kwa kila kilo ya samaki, na maji ya barafu iliyoyeyuka yatolewe.

Kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza weka mkasi wa kukata chuma. Ndoano ikizama kidoleni hadi kupita mwiba, pitisha mshipi mnene kwenye mkunjo wa ndoano, bonyeza jicho la ndoano chini liguse ngozi, kisha vuta mshipi kwa ghafla ukielekea nyuma, sambamba na ngozi. Ikiwa ni karibu na jicho au kiungo, usiiguse; nendeni hospitali, na muulize kuhusu sindano ya pepopunda.

Mkirudi, pandisha mashua, chomoa kizibo, acha maji yote yatoke, na toa kila jani kwenye propela, trela na nanga kabla ya kwenda ziwa jingine. Magugu ya Naivasha husafiri hivyo. Kizibo usikirudishe sandukuni. Kifunge kwenye kamba ya kuzimia injini, maana bila kamba hiyo injini haiwaki, na kesho alfajiri mkono utakaoichukua utakuwa umeshika na kizibo.